Dawa Hailali Mwilini

 Iwe uko Griftu mjini, Hadado, Arbajahan, au uko malishoni nyuma ya ngamia na redio ya simu sikioni, msikilizaji, leo nazungumzia kidonge baada ya kumezwa. Wengi wetu tunakisindikiza hadi kooni, tunashushia maji, basi. Kimeelekea wapi, kimefanywa nini huko ndani, kimetoka saa ngapi, hayo tumewaachia madaktari. Na madaktari nao, kwa urefu wa foleni, mara nyingi hawapati nafasi ya kuyasema. Mgonjwa anaondoka na amri tupu: meza hivi, saa hizi, miezi hii. Amri isiyo na sababu huvunjika siku ya kwanza ya shida, na huku kwetu siku za shida ni nyingi.

Nitachukua dawa inayojulikana sana katika kaunti zetu za Wajir, Garissa na Mandera, nayo ni ile ya kifua kikuu. Kidonge cha TB cha siku hizi kina dawa nne ndani yake: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Mtu mzima kwa kawaida humeza vitatu au vinne kwa pamoja, kulingana na uzito wake, mara moja kwa siku. Baada ya miezi miwili dawa hupunguzwa zikabaki mbili, rifampisini na isoniazidi, kwa miezi mingine minne. Jumla miezi sita.

Sasa tuingie ndani. Tumboni kidonge huvunjika na kuyeyuka, lakini sehemu kubwa ya dawa haiingii damuni ikiwa tumboni. Inasubiri hadi ishuke kwenye utumbo mwembamba, ambao ngozi yake ya ndani ni laini na ina mishipa midogo mingi ya kuivuta. Tumbo likiwa limejaa chakula, rifampisini inacheleweshwa humo na inayofika damuni inakuwa pungufu. Ndiyo sababu nesi anasema umeze asubuhi kabla ya chai na anjera, usubiri karibu saa moja ndipo ule. Tumbo tupu, maji ya kutosha, kidonge kinapita moja kwa moja. Wako wanaochafukwa na roho wakimeza hivyo. Hao wazungumze na daktari, maana kidonge kilichomezwa pamoja na chakula kidogo ni bora mara mia kuliko kilichoachwa.

Lakini usichukue kanuni hiyo ukaifanya ya dawa zote. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Dawa ya malaria tunayopewa hospitalini, ile ya vidonge vya manjano vya siku tatu, Kenya iliichagua mwaka 2004 na ikaanza kufika katika vituo vya serikali mwaka 2006. Ndani yake mna artemetha na lumefantrini. Lumefantrini ni dawa ya mafuta. Haiyeyuki vizuri katika maji, na ikikuta tumbo lisilo na mafuta, sehemu kubwa inapita na kutoka na choo bila kuingia damuni. Ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, inayoingia damuni inaweza kuongezeka mara kumi na zaidi. Na hatuhitaji nyama choma kwa hilo. Kikombe kimoja cha maziwa ya ngamia kina mafuta ya kutosha kuibeba dawa hiyo. Wanaokumbuka mvua za El Niño za mwisho wa 1997, na malaria iliyofagia Wajir mwanzoni mwa 1998, wanajua ugonjwa huo ukitushukia huwa hauna huruma, kwa sababu miili yetu haijauzoea kama ya watu wa Pwani au wa ukanda wa Ziwa. Basi mtoto akipewa dawa ile, mpe na maziwa. Akikataa kula kwa homa, mpe hata mafunda machache.

Na maziwa hayo hayo yanaharibu dawa nyingine. Tetrasaiklini ikikutana na kalsiamu ya maziwa tumboni, vinashikamana, vinakuwa kitu kizima ambacho utumbo hauwezi kukivuta. Siprofloksasini nayo vivyo hivyo. Mtu anameza dawa na bakuli la maziwa, anaamini anajitia nguvu, kumbe anameza dawa kisha anaizuia isimfikie. Dawa hizo zinataka maji matupu, na maziwa yangoje saa mbili au zaidi. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa mama wajawazito kliniki navyo vina adui yao, chai. Chai yetu hii ya rangi ya kahawia, yenye iliki na maziwa, ina kitu kinachokamata chuma kabla hakijaingia damuni. Mama anakunywa kidonge na chai kila asubuhi, anamaliza pakiti baada ya pakiti, akipimwa damu bado ni pungufu, anaambiwa hamezi dawa. Anameza. Hakuna aliyemwambia habari ya chai.

Nitaje na miraa, kwa sababu tukiikwepa tutakuwa hatusemi na watu wa hapa. Kule Yemen, katika miaka ya 1990, watafiti walipima mkojo wa watu waliomeza ampisilini huku wakitafuna. Dawa iliyoingia mwilini ilipungua waziwazi. Ilipomezwa saa mbili baada ya kumaliza kutafuna, upungufu ule haukuonekana. Amoksisilini ilivumilia zaidi, ingawa nayo ilipungua ilipomezwa katikati ya kikao. Sina haja ya kumhubiria mtu juu ya miraa leo. Nasema tu, kama una kidonda au kifua na umepewa dawa hizo, usizimeze ukiwa kwenye kikao.

Twende mbele. Dawa ikishavuka utumbo haiendi moja kwa moja kwenye mapafu ambako wadudu wa TB wapo. Damu yote inayotoka utumboni hupitia kwanza kwenye ini. Ini ndilo linalokagua kila tunachokila, na dawa kwa ini ni kitu kigeni cha kuvunjwavunjwa na kutolewa. Linaanza kazi hapo hapo. Sehemu inavunjwa kabla haijafika popote, inayobaki inasukumwa na moyo kwenda mapafuni, mifupani, kwenye maji ya uti wa mgongo, kila mahali. Hakuna dawa inayojua kidonda kiko wapi. Inakwenda kote, na inafanya kazi pale inapomkuta mdudu.

Wakati huo huo, inatoka. Fikiria hori la kunyweshea ngamia kisimani, lenye ufa upande wa chini. Likijaa, maji yanatoka kwa kasi. Yakipungua, yanatoka polepole. Rifampisini inatoka mwilini kwa mtindo huo, na kwa wastani nusu yake inakuwa imeondoka kila baada ya saa tatu hivi. Tufanye hesabu. Mzee amemeza saa kumi na moja alfajiri. Saa moja asubuhi dawa iko juu kabisa katika damu. Saa nne imebaki nusu. Saa saba mchana robo. Saa kumi jioni sehemu moja ya nane. Jua likishazama, saa moja, imebaki moja ya kumi na sita. Usiku wa manane ukiitafuta hutaiona ila chembe. Haikulala humo.

Nataka msikilizaji ulishike hilo, kwa sababu imani iliyoenea ni kwamba dawa huingia mwilini na kukaa, na ukimeza nyingi wiki mbili za mwanzo umejiwekea akiba. Hakuna akiba. Kidonge cha jana kilifanya kazi ya jana. Mdudu wa TB ni mzito, anachukua karibu siku nzima kugawanyika na kuwa wawili, na akishapigwa na dawa anachukua muda kujikusanya tena. Ndiyo maana kidonge mara moja kwa siku kinatosha, ingawa damu yenyewe husafika usiku. Ukiruka siku moja, umempa nafasi. Ukiruka wiki, umempa nafasi ya kujifunza.

Isoniazidi inaonyesha jambo jingine, kwamba miili haifanani. Ini lina kimeng'enya cha kuizima dawa hiyo, na kila mtu amekirithi kwa wazazi wake, kwa wengine kikiwa na kasi na kwa wengine kikiwa kizito. Mwenye kasi, nusu ya dawa inaondoka kwa muda wa saa moja au zaidi kidogo. Mzito, inaweza kuchukua saa tatu au nne. Ndugu wawili wa tumbo moja, kidonge kimoja, na mmoja anakaa na dawa mara tatu ya mwenzake. Hawa wazito ndio hasa wanaopata ganzi na kuchomachoma miguuni, kwa sababu isoniazidi hupunguza vitamini B6 inayolinda mishipa ya fahamu. Kidonge kidogo cha vitamini hiyo kinachoongezwa kwenye dawa kina sababu yake. Usikitupe ukidhani ni cha kujazia. Na macho yakigeuka manjano, ukatapika, ukapoteza hamu ya kula, ini linalalamika. Hapo usingoje siku ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo.

Kuna ishara moja ya safari hii ambayo kila mtu anaweza kuiona kwa macho. Saa chache baada ya kumeza rifampisini, mkojo unakuwa mwekundu wa chungwa. Jasho huweza kutia rangi kola ya kanzu, na machozi pia. Mzee anatoka nyuma ya boma, anaona mchanga umekuwa mwekundu, anaamini anakojoa damu. Anarudi ndani, hasemi na mtu, na kesho yake anaacha dawa. Nesi angemwambia tangu mwanzo, "Adeer, mkojo wako utakuwa mwekundu, hiyo ni rangi ya dawa, usiogope," yule mzee angekuwa na kipimo chake mwenyewe kila asubuhi kwamba dawa imeingia damuni, imezunguka na inatoka. Nyingi ya dawa hiyo hutolewa na ini kupitia nyongo na kwenda na choo. Sehemu inayopita kwenye figo ndiyo inayopaka rangi hiyo.

Rifampisini ina tabia nyingine isiyoonekana. Inaliamsha ini. Baada ya wiki moja au mbili, ini linatengeneza vimeng'enya vingi zaidi, na vimeng'enya hivyo havichagui. Vinavunja haraka dawa nyingine alizonazo mgonjwa. Vidonge vya kupanga uzazi vinapungua nguvu, na mama anaweza kushika mimba huku anavimeza bila kukosa. Baadhi ya dawa za kisukari vivyo hivyo. Dolutegraviri, dawa ya virusi vya Ukimwi, kwa kawaida humezwa mara moja kwa siku. Mgonjwa aliye kwenye rifampisini huimeza mara mbili, kwa sababu hii tu. Ini halirudi katika kasi yake ya zamani siku unayomaliza dawa. Huchukua kama wiki mbili tena. Kwa hiyo, hooyo, ukiulizwa kliniki unatumia dawa gani nyingine, usione haya kutaja zote, za kemisti na za mizizi pia. Swali hilo halina upelelezi wowote. Linaulizwa kwa ajili ya ini lako.

Na figo? Figo ndizo zinazotoa ethambutoli, na zamani ndizo zilizotoa streptomaisini, ile sindano chungu ambayo wazee wetu wanaikumbuka. Figo zinafanya kazi kwa maji. Wakati wa ukame mtu anakunywa kidogo, jua la Wajir linamkausha, mkojo unakuwa haba, na dawa inayotegemea njia hiyo inajikusanya. Streptomaisini ilipojikusanya iliharibu masikio, na kuna watu waliopona kifua wakabaki viziwi. Ethambutoli ikizidi hugusa macho, hasa uwezo wa kupambanua nyekundu na kijani. Mchungaji anayeshindwa kutofautisha alama za rangi alizozizoea kwenye mifugo yake amwambie daktari mara moja.

Watu huuliza juu ya Ramadhani. Dini imempa mgonjwa ruhusa, na wa kushauriana nao ni daktari na sheikh kwa pamoja. Lakini dawa ya TB humezwa mara moja kwa saa ishirini na nne, na inataka tumbo tupu, kwa hiyo aliyepata nafuu na akaruhusiwa kufunga hana mgongano mkubwa. Anaweza kufungua kwa maji na vidonge vyake, akaswali Magharibi, akatimiza karibu saa moja ya kungoja, ndipo akae kwenye futari. La muhimu ni saa iwe ile ile kila siku. Dawa ya kumezwa mara tatu ni habari nyingine. Amoksisilini nusu yake huondoka kwa muda wa saa moja hivi, na ikipangwa kila baada ya saa nane ni kwa sababu ya kasi hiyo. Huwezi kuzikusanya dozi tatu kati ya futari na daku ukasema umemeza za siku.

Hapo nina lalamiko, na nalisema kwa moyo mmoja. Ile bahasha ndogo ya karatasi inayoandikwa moja mara tatu. Mtu hakusoma, au amesoma lakini hajui kama ni vidonge vitatu kwa pamoja, au kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku. Amefika kutoka mbali, amengoja tangu alfajiri, na maelezo anayopata ni alama ya kalamu. Mfugaji ana saa zake anazozishika bila kukosa: kukamua alfajiri, kurudi kwa mifugo jioni, sala tano. Dawa ya kila saa nane ikifungwa kwenye Alfajiri, Adhuhuri na mtu anapokwenda kulala, itamezwa. Inahitaji maneno manne tu dirishani. Tunao wahudumu wa afya wa jamii wanaosema Kisomali na Kiborana, wanaoijua kila familia kwa jina la babu. Hao ndio wapewe kazi hii.

Mtu aliyeelewa hayo mapema kuliko wengi aliishi hapa hapa Wajir. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyesomea sheria, alikuja Kenya mwaka 1969 kama mwalimu. Wakati ule matibabu ya TB yalikuwa ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na mgonjwa wa kuhamahama alikuwa akipata nafuu kidogo anafuata mvua. Ndipo matokeo ya jaribio lililofanyika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia yalipochapishwa mwaka 1972. Wagonjwa waliotibiwa kwa miezi sita kwa streptomaisini, isoniazidi na rifampisini, 3 tu kati ya 100 walirudiwa na ugonjwa. Wale wa miezi sita bila rifampisini, kwa streptomaisini na isoniazidi peke yake, walirudiwa 29 kati ya 100. Tofauti ilikuwa kwenye wadudu wanaolala. Dawa nyingi humpiga mdudu anayekua. Rifampisini humpata na yule anayezinduka kwa muda mfupi tu. Hao waliolala ndio wanaobaki mtu anapojisikia mzima wiki ya tatu, homa imekwisha, kifua kimekauka, na miguu inamwasha kurudi malishoni. Miezi minne ya mwisho ni yao.

Mwaka 1976 Tonelli alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu TB kwa wafugaji wanaohama. Aliwaalika wagonjwa waje na mikeka na miti yao, wajenge vibanda mbele ya kituo, wakae miezi sita na jamaa zao, na kila siku wameze dawa mbele ya macho ya mtu. Watu wakaviita TB manyatta. Unaweza kuuona mpango huo kama ukarimu, na ulikuwa ukarimu. Mimi nauona pia kama jibu sahihi la swali la mwilini: dawa inatoka kila jioni, basi pawe na mtu wa kuirudisha kila asubuhi. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilianza kuhimiza dunia nzima kumeza dawa mbele ya shahidi. Tonelli alikuwa ameshaondoka Kenya, baada ya kupaza sauti juu ya mauaji ya Februari 1984 huko Wagalla, hapa Wajir. Aliendelea na kazi hiyo Borama, Somaliland, akatunukiwa Tuzo ya Nansen ya wakimbizi mwaka 2003, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo akauawa kwa risasi katika hospitali aliyoianzisha.

Siku hizi wagonjwa wengi humezea dawa nyumbani, shahidi akiwa mke, mume, mtoto aliyesoma au mhudumu wa jamii. Watoto nao wana dawa yao inayoyeyuka kwenye maji, yenye ladha ya matunda. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuigawa nchi nzima, mwezi wa Oktoba 2016. Kabla ya hapo mama alikata kidonge cha mtu mzima kwa kisu na kukisia, na mtoto alipata kidogo mno au kingi mno.

Kwa hiyo, wewe unayejiandaa kuhama wiki hii. Nenda kliniki kabla ya kufunga mizigo, sema unaelekea wapi na kwa muda gani. Omba vidonge vya kukufikisha na karatasi ya uhamisho. Usivitoe kwenye karatasi yake yenye rangi ya fedha hadi saa ya kumeza, na usiviweke juu ya mzigo wa ngamia juani. Viweke katikati ya nguo, mahali penye kivuli, maana joto la kupita nyuzi 30 huviharibu taratibu. Kadi yako ifunge ndani ya mfuko wa plastiki isilowe. Dawa za TB katika vituo vya serikali hazilipiwi, uwe Griftu, Habaswein, Garissa au Isiolo, na kadi inayosomeka inamtosha nesi asiyekujua kukupa kidonge cha kesho asubuhi.